Daktari Aliniuliza

Daktari aliniuliza. Kwa majuma tisa niliapa kwamba hakuniuliza. Niliapa mbele ya kaka yangu, mbele ya majirani, na mara moja kwenye simu kwa mjomba asiyesikia vizuri, ambaye ilibidi nimrudilie mara tatu. Lakini aliniuliza, tena vizuri, kalamu mkononi, akinitazama usoni: mama anatokwa na damu? Nikajibu hapana. Mama alikuwa ameketi pembeni yetu, mikono juu ya mapaja, ananukia udi, akisubiri tumalize kuzungumza habari zake.

Mama alikuwa na miaka sabini na kitu. Kitu chenyewe hakijulikani, maana siku aliyozaliwa hakuna aliyekuwa na kalamu. Aliishi Rumonge, mtaa wa Waswahili, katika nyumba ambayo maji ya ziwa, tangu yalipoanza kupanda, yamefika kwenye ukuta wa choo na kukaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Maisha yake yote alianika ndagala, wale samaki wadogo, akawauza. Mimi naishi Bujumbura, mwendo wa saa mbili esansi, petroli ya gari, ikiwepo na siku nzima isipokuwepo. Nimesoma chuo kikuu, naandika insha, na nimefika umri wa kutafuta miwani ambayo nimeivaa. Mama alipoulizwa kazi yangu alisema, "Anaandikaga," kisha akabadilisha mazungumzo.

Kiangazi kile kaka yangu alinipigia simu kutoka Nyanza-Lac, anakolima michikichi. Alikuwa amepita Rumonge, akamkuta mama amekonda na anashika mgongo. "Umupeleke lopitali," akasema. Yeye ndiye mkubwa, lakini kumpeleka mama hospitali ni kazi ya binti, na binti ni mimi peke yangu. Tena ndiye niliyesoma. Katika familia yetu elimu yangu ni kama baiskeli ya nyumbani: watu huikumbuka siku kuna mzigo.

Kwetu mtu huenda kwa daktari kama anavyokwenda ukweni. Huendi mchafu, huendi na njaa, huendi na malalamiko. Jioni niliyofika Rumonge jirani alikuja kumpaka mama hina viganjani na kwenye kucha, nami nikaisifu. Asubuhi mama akaoga, akajifukiza, akavaa kitenge alichokishona kwa sikukuu ya Idi, kisha akameza vidonge viwili vya maumivu. Nikamuuliza mbona anameza dawa wakati tunakwenda kutafuta dawa.

"Nisimusumbue muganga na kulia-lia," akasema. "Ana watu wengi."

Kwa hiyo mgonjwa niliyempeleka hospitali alikuwa amefutwa kila dalili inayoonekana kwa macho. Hina peke yake ilitosha. Daktari hutazama viganja na kucha ajue kama damu imepungua mwilini, na viganja vya mama vilikuwa vyekundu kuliko vya bibi harusi. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile niliona tu kwamba amependeza, na kwamba sitaaibika.

Nilikuwa nambania ushungi aliposema, akitazama ukuta:

"Kuna neno. Naona nimerudi usichana."

"Namna gani, mama?"

"Namna ya wasichana. Mwezi wa tatu sasa. Nafua nguo zangu mimi mwenyewe alfajiri, watu wasione."

Akacheka kidogo, akasubiri nicheke naye. Sikuweza.

Kwetu mambo ya damu hayatoki kwa mama kwenda kwa binti, wala kwa binti kwenda kwa mama. Hupitia kwa shangazi. Shangazi ndiye aliyenikalisha chini nilipovunja ungo, na mama siku ile alijifanya hajui lolote ingawa yeye ndiye aliyemwita. Lakini shangazi alikuwa amekufa zamani, yeye na wenzake wote ambao mama angeweza kuwatuma. Nilibaki mimi. Sijui ilimchukua siku ngapi kuamua kuniambia, wala ni mara ngapi alikuwa amefungua mdomo nikiwa kwenye simu nikamwambia nina haraka.

"Tutamwambia daktari," nikasema.

"Hapana. Ule ni kijana, anaweza kuwa mujukuu wangu. Umuambie mugongo."

"Lakini mama..."

"Mugongo, nimesema. Ila kuna kitu kimoja uniulizie. Umuulize kama hii ni mwezi ama ni ugonjwa. Lakini usimuambie ni ya mimi."

"Sasa nitamwambia ni ya nani?"

"Si umesoma? Tafuta namna."

Mwanamke aliye mwezini hasali. Aliye mgonjwa anasali. Kwa miezi mitatu mama alikuwa akijifungia chumbani kila adhana ilipolia, mkeka mbele yake, asijue kama anakosea kwa kusali au kwa kutosali. Kama alikuwa na hofu ya kufa, hakuisema. Alitaka kujua hilo moja. Lilikuwa swali dogo, jibu lake fupi, na mimi nililibeba mpaka hospitali na nikarudi nalo nyumbani.

Daktari alikuwa kijana kweli, shati limepigwa pasi, macho mekundu ya mtu aliyekesha kazini. Alimsalimu mama kwa Kirundi, akamuuliza anaumwa nini.

"Amahoro. Al-hamdulilahi, niko muzima," mama akajibu, kama unavyomjibu mtu yeyote anayekujulia hali.

Daktari akasubiri. Kule kusubiri kwake kulikuwa sehemu nzuri kuliko zote za asubuhi ile, na kulidumu kwa muda wa kumeza mate. Kisha mimi nikaingia, kwa Kifaransa.

Mama alijua Kirundi, Kiswahili, na Kibembe cha kutosha kubishana bei na wanawake wanaovuka ziwa kutoka Kongo. Daktari alizaliwa na Kirundi chake. Hawakuhitaji mkalimani hata kidogo. Lakini mimi nilikuwa na Kifaransa cha chuo kikuu kisicho na pa kwenda, naye alikuwa nacho, na tulipokutana tulifurahi kama watu wa kilima kimoja waliokutana nchi ya mbali. Tukagundua kwamba tulisomea kwenye ukumbi uleule, tukipishana miaka ishirini. Tukausikitikia ukumbi ule, paa lake, popo wake. Mama alikuwa akitazama dirishani.

Anakula? Vizuri, nikasema, nilikuwa nimekula naye mlo mmoja. Analala? Analala, sikujua. Amepungua mwili? Hakuwahi kuwa mnene, nikasema, na hilo angalau lilikuwa kweli. Kisha akauliza la damu, bila kushusha sauti, kama swali la kawaida ambalo mwanamke wa umri ule lazima aulizwe. Nikamtazama mama, ambaye hakuelewa kwamba saa yake ndiyo hiyo imefika. "Hapana, daktari, hakuna kitu kama hicho," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama mama yake ni mwizi. Akaandika kwenye daftari dogo ambalo mgonjwa hurudi nalo nyumbani.

Ningeweza kusema kwamba nilimtii mama. Nimejaribu kujiambia hivyo nikiwa peke yangu, na maneno husimama vizuri mpaka nikumbuke nilivyokuwa na furaha. Mimi na yule kijana tulikuwa tunazungumza vizuri, na sikutaka damu ya mama iingie kwenye mazungumzo yetu.

Mwishoni daktari alimgeukia mama, kwa Kirundi, akamuuliza kama ana swali. Mama akanitazama mimi.

"Hana," nikasema. "Anashukuru."

Tulipofika uani akanishika mkono. "Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Akasema?"

"Ni mambo ya uzee. Itaisha."

"Uzee si jibu. Ninasali ama sisali?"

"Usali tu, mama."

Akasimama. "Hiyo imesemwa na yeye ama na wewe?"

"Na yeye."

Akanitazama kama alivyokuwa akitazama ndagala za mtu mwingine sokoni, akitafuta mchanga. Hakuuliza tena. Adhuhuri ile hakutandika mkeka.

Ilipita miezi saba. Kila nilipopiga simu alisema ni muzima, nami nilimtumia dawa ya kuchua mgongo kwa mtu yeyote aliyekuwa akishuka Rumonge. Na ni katika miezi hiyo ndipo nilipoandika makala, katika jarida dogo la akina mama, juu ya namna ya kumsindikiza mzazi mzee kwa daktari. Nilieleza kwamba maswali yaandikwe nyumbani kabla ya kutoka. Nilieleza kwamba dawa zote anazomeza ziende kwenye mfuko mmoja, hata zile alizopewa na jirani. Nikasema mtoto akae nyuma kidogo ya mzazi, amwache ajibu mwenyewe hata akichelewa, na kama ni mambo ya aibu aombe atoke nje. Ilikuwa makala ya busara. Mwanamke mmoja alinisimamisha barabarani akaniambia imemliza. Nikamshukuru, nikaenda zangu, na usingizi wangu haukupungua.

Kisha mama akaanguka pale anapoanika samaki. Wanawake wenzake walipomwinua waliona nguo yake. Kaka akatafuta esansi siku mbili, akamleta Bujumbura kwa gari la kuazima, na tukampeleka kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, mwanamke wa rika langu, miguu imevimba ndani ya viatu vya raba. Nikafungua mdomo kwa Kifaransa changu. Akainua mkono.

"Madamu, wewe subiri inje."

Nikakaa kwenye benchi. Mlango haukufungika vizuri, nikamsikia mama akisema, "Al-hamdulilahi, niko muzima," na daktari akimjibu kwa Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi, palepale mjini: "Hapana, mama, hiyo ni salamu. Sasa unipe habari."

Nikasikia kiti kikisogezwa. Kisha ikaanza sauti ya mama, ya chini, ikaendelea, ikaendelea. Sikuwahi kumsikia akisema kwa muda mrefu hivyo bila mtu kumkatiza, na nilikuwa nimemjua miaka hamsini.

Alipotoka macho yalikuwa yamelowa lakini uso umetulia. "Ni ugonjwa," akaniambia, kama mtu aliyeshinda kesi. "Si mwezi. Nilikuwa naweza kusali siku zote." Akaomba maji, akatawadha, akasali palepale kwenye korido juu ya kanga yangu, na waliokuwa wakisukuma kitanda cha mgonjwa wakamzunguka.

Mengine daktari alituambia mimi na kaka. Ni kizazi. Amekata kipande kidogo kikapimwe. Kama ugonjwa umebaki ndani ya kizazi, atakitoa, na mama anaweza kuishi. Kama umetoka nje, hatamkata.

"Damu karibu mwaka," akasema. "Na hakuna mutu alimuuliza?"

Kaka alikuwa amesimama begani kwangu.

"Hakuna," nikasema.

Hapo ndipo nilipoanza kuapa. Kipande cha kwanza hakikutosha, ikabidi kikatwe cha pili; majuma tisa tukangoja jibu Rumonge, nyumbani kwa mama, na majuma yote tisa kaka alitafuta mtu wa kumlaumu, nami nilikuwa nimeshampa mmoja. Aliliona lile daftari dogo kwenye mfuko wa mama, akanipa.

"Soma, profeseri. Ule dogiteri wa Rumonge aliandika nini?"

Kaka anasoma Kiswahili na herufi za Kiarabu, Kifaransa hakijui. Nikamsomea: mgongo, hamu ya kula nzuri, usingizi mzuri. Mstari wa damu nikauruka bila kuvuta pumzi.

"Ni yote?"

"Ni yote."

"Basi ule ni muuaji," akasema kaka.

Akalichukua daftari, akalipeleka mwenyewe Bujumbura liwekwe pamoja na karatasi nyingine za mama, ili kila kitu kiwe wazi. Kisha akaanza kusema. Alisema msikitini, alisema kwa kinyozi, alisema pwani mitumbwi inaporudi. Haukupita muda mrefu wanawake wa mtaa wetu wakawa wanapita mlango wa yule kijana na kukaa kwenye foleni ya mwingine, hata ikiwa ndefu mara tatu. Nilimwona siku moja sokoni ananunua nyanya. Alinisalimu kwa Kifaransa, akamuulizia mama. Nikasema nina haraka.

"Muache ule mutoto wa watu," mama alimwambia kaka.

"Tumuache namna gani, mama? Akuue, tumuache?"

"Muache, nimesema."

Mimi nilikuwa nasoma kwenye simu ujumbe ambao haukuwepo.

Kaka aliamua kwamba mkuu wa hospitali apate barua, na barua ile ina mwandishi wake. "We ndiyo unaandikaga," akaniambia. "Leo basi utuandikie kitu ya maana." Nikaandika. Ilikuwa aya nne, hasira yake imepimwa, haina tusi hata moja, na iliomba kijana yule aondolewe asije akamfanyia hivyo mama wa mtu mwingine. Niliisoma tena nikarekebisha koma mbili. Kaka akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Angeipeleka Jumatatu.

Jumatatu asubuhi tulikuwa uani. Mama alikuwa kwenye mkeka na ungo wa mchele. Alikuwa amekonda kiasi cha pete kuteleza, lakini kazi ya kuchagua mchele hakumpa mtu. Kaka alikuwa ameshavaa viatu. Simu yangu ikalia, nikaona ni daktari wa Bujumbura, nikainuka niende nayo nyuma ya jiko.

"Unaenda wapi?" mama akasema. "Iko ya mimi hiyo simu. Weka sauti."

Nikaweka sauti, nikailaza simu kwenye mkeka.

"Amahoro, mama," daktari akasema. "Uko na watu?"

"Niko na watoto wangu. Sema tu, muganga."

"Majibu imetoka. Si mazuri, mama. Ugonjwa imeshatoka kwenye kizazi, imefika kwenye kibofu. Siwezi kukata. Nitakupa dawa ya maumivu, dawa ya nguvu, na sitakuacha."

Mama aliendelea kushika ungo kwa mikono miwili. Kaka akasema jina la Mungu kwa sauti ndogo.

"Na kama ningekuja mbele?" mama akauliza. "Kiangazi kile?"

Laini ikakwaruza. Nilitumaini imekatika. Haikukatika.

"Kiangazi kile ulikuja, mama. Daftari yako iko hapa mbele yangu. Muganga wa Rumonge alifanya kazi yake. Ameandika aliuliza damu, na mutu uliyekuja naye akajibu hakuna." Nikasikia ukurasa ukigeuzwa. "Sitakudanganya. Siku ile nafikiri ningekata."

Kaka hakunitazama mara moja. Aliitazama simu, kana kwamba ndiyo iliyosema uongo. Kisha akanitazama. Aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, cha kulia, halafu cha kushoto, akavivua, akaviweka sawasawa kando ya mkeka.

Nikafungua mdomo.

"Ngoja," mama akaniambia. "Sijamaliza na muganga." Akainama karibu na simu. "Nilimukataza mimi. Nilimuambia aseme mugongo."

"Sawa, mama."

"Ile ya damu nilimukataza. Swali yangu sikumukataza."

Hilo halikuwa la daktari kulijibu. Mama akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Bon. Sasa niambie. Hiyo dawa ya nguvu, nameza mbele ya kula ama nyuma? Na maumivu ikipita dawa, ninakuja huko, ama kuna mutu wa kunifuata huku? Na hii kutoka damu, itakuwa vile mpaka mwisho, ama itasimama?"

Daktari akamjibu, moja baada ya moja. Pale ambapo mama hakuelewa aliuliza tena. Ilichukua muda mrefu, na mimi na kaka tukasikiliza.